Jinsi ya kutafuta jeni iliyokufa ndani ya jenomu ya binadamu, hatua kwa hatua

Mbuzi hali machungwa wala haugui kiseyeye. Ini lake linajitengenezea vitamini C ya kutosha, na komba anayelia usiku juu ya minazi naye ni vivyo hivyo. Sisi hatuwezi. Sababu iko kwenye kromosomu yetu ya 8, na unaweza kuifungua leo ukaiona kwa kivinjari cha kawaida na bando la kawaida.

Nikimuuliza mwanafunzi amejuaje kwamba jeni fulani imekufa kwa binadamu, mara nyingi hunijibu kwamba hifadhidata imeandika hivyo. Hilo halinitoshi. Jeni haifi kwa kubandikwa lebo. Inakufa kwa sababu herufi fulani ilibadilika, ikafutika au ikaongezeka mahali fulani, na mahali hapo panaonekana. Mwongozo huu ni wa kukufikisha hapo, uone kwa macho yako.

Unachohitaji ni kompyuta (simu itakusumbua, kurasa hizi ni pana), intaneti, na tovuti tatu za bure: UCSC Genome Browser, Ensembl, na NCBI, ambako kuna programu ya BLAST, inayotafuta mifuatano inayofanana. Hakuna hata moja inayodai ujisajili. Fungua pia faili la maandishi la kuwekea kumbukumbu. Kuhusu biolojia, inatosha kukumbuka kwamba DNA husomwa herufi tatu tatu, kila tatu ni kodoni moja, kila kodoni hutaja asidi amino moja, na kodoni tatu (TAA, TAG na TGA) husema "koma hapa".

Hatua ya 1: Jua jeni ilikuwa ikifanya kazi gani

Usianze na kompyuta. Anza na kazi iliyopotea, maana kazi ndiyo itakayokuambia ulinganishe na mnyama gani.

Mfano wetu wa kwanza ni GULO. Jeni hii hutoa kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa vitamini C: mnyama huanza na glukosi, huigeuza kwa hatua kadhaa, na mwishoni GULO huibadili gulonolaktoni kuwa askobiki asidi. Mamalia wengi wanayo hai. Binadamu hana, sokwe hana, tumbili hana. Komba na jamaa zake lemuri wa Madagaska wanayo, na hapo tayari una kidokezo: kifo kilitokea baada ya ukoo wetu na wa komba kuachana, lakini kabla ya tumbili na binadamu kuachana. Hesabu za kawaida hukiweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mababu zetu wa wakati huo walikuwa wakila matunda na majani yenye vitamini C tele, kwa hiyo aliyezaliwa na GULO mbovu hakuona tofauti yoyote.

Hatua ya 2: Tafuta mahali kwa kuuliza majirani

Fungua UCSC, chagua binadamu na toleo la jenomu (yaani DNA yote ya kiumbe) la hg38. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika GULOP. Ile P ya mwisho ndiyo alama ya jeni mfu, ingawa watoaji majina hawaitumii sawasawa: utakutana na jeni zilizokufa ambazo hazina P kabisa.

Ukifika, bonyeza kitufe cha kupanua eneo mara moja au mbili hadi uone jeni za kando. Upande mmoja kuna EPHX2, upande wa pili CLU. Zote mbili ni nzima.

Sasa fungua ukurasa mwingine, chagua panya wa maabara (Mouse), andika Gulo. Utapelekwa kromosomu ya 14, na utawakuta majirani wale wale, Ephx2 na Clu, na katikati yao Gulo iliyo hai. Nyumba ikibomolewa, kiwanja chake unakijua kwa kuuliza majirani; hapa ni vivyo hivyo. Mpangilio wa majirani ukilingana, una uhakika kwamba kile kipande cha binadamu ni mabaki ya jeni ile ile, wala si nakala iliyodondokea hapo kwa bahati.

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu ni rahisi mno. Usiiruke. Jenomu yetu ina maelfu ya nakala mfu ambazo hazikuwahi kuwa jeni kamili: ujumbe wa RNA wa jeni hai ulinakiliwa kurudi kwenye DNA na kupachikwa popote. Nakala hizo hazina introni (vipande vya katikati ya jeni vinavyokatwa kabla ujumbe haujasomwa), na majirani zake hawaeleweki. Kwa swali letu hazina maana, kwa sababu jeni mama bado ipo na inafanya kazi. Tunachotafuta ni kazi iliyopotea moja kwa moja.

Hatua ya 3: Chukua protini ya jamaa aliye hai, uitafute ndani yetu

Nenda NCBI, sehemu ya Protein, tafuta GULO ya panya. Ina asidi amino 440. Ukitaka jamaa wa karibu zaidi tafuta ya Otolemur garnettii, yule komba mkubwa wa pwani yetu ambaye jenomu yake imesomwa. Ila mfuatano wake umetabiriwa na kompyuta, kwa hiyo anza na panya, kisha rudia na komba ulinganishe.

Nakili mfuatano, fungua BLAST, chagua tblastn. Hii huchukua protini na kuitafuta ndani ya DNA huku ikiisoma DNA kwa fremu zote sita (fremu ni herufi unayoanzia kuhesabu tatu tatu): tatu kwa uzi mmoja, tatu kwa uzi wa pili. Kwenye sehemu ya kiumbe andika Homo sapiens, na uchague hifadhidata ya jenomu. Ukichagua hifadhidata ya RNA unaweza kukosa kila kitu, maana jeni mfu nyingi haziandikwi tena kuwa RNA.

Subiri. Majibu yakija, tazama mambo matatu.

La kwanza, vipande. GULO hai ina eksoni 12 (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye ujumbe), na kwetu 7 kati ya hizo zimetoweka. Utaona sehemu za nyuma za protini zikilingana na kromosomu ya 8, na sehemu kubwa ya mbele haina kitu.

La pili, nyota. Kwenye mstari wa chini wa mpangilio, ule wa DNA yetu, alama ya * ina maana kodoni ya kukomesha. Nyota katikati ya jeni ni kifo.

La tatu, fremu. Ukiona vipande viwili vinavyofuatana vizuri kwenye protini lakini kimoja kimeandikwa fremu 1 na kingine fremu 3, usikimbilie kushangilia. Ikiwa kati yake kuna introni, ni kawaida. Ikiwa vimo ndani ya eksoni moja, kuna herufi iliyodondoka au iliyoongezeka, na kuanzia hapo sentensi yote imeharibika.

Tatizo la GULO ni kwamba imekufa zamani mno. Imevunjika kila mahali, na huwezi kusema ni pigo lipi lililotangulia. Kwa hiyo tuhamie kwenye jeni ambayo jeraha lake bado linaonekana wazi.

Hatua ya 4: Ikaribie herufi yenyewe

UOX hutengeneza urikasi, kimeng'enya kinachovunja yuriki asidi na kuigeuza alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo. Sisi hatuna urikasi. Ndiyo sababu yuriki asidi ya binadamu iko juu kuliko ya mamalia wengi, na ikizidi huganda kuwa vijiwe kama sindano kwenye viungo: gauti, au jongo kama wazee wanavyoiita. Hospitali zinazotibu saratani ya damu hutumia dawa ya rasburikasi, ambayo ni urikasi ya kuvu inayoitwa Aspergillus flavus, ili kuwaokoa wagonjwa ambao seli zao zinakufa kwa wingi na kumwaga yuriki asidi. Yaani tunakiazima kwa kuvu kimeng'enya ambacho babu zetu walikuwa nacho.

Chukua protini ya UOX ya nyani, Papio anubis, ambaye yeye anayo hai. Rudia tblastn dhidi ya binadamu. Safari hii utakuta jeni karibu nzima, kwenye kromosomu ya 1, eksoni baada ya eksoni. Sasa fuata namba za mstari wa juu hadi asidi amino ya 33. Juu kuna R, yaani arginini. Chini kuna nyota. Endelea hadi 187: tena R juu, nyota chini.

Urikasi nzima ina asidi amino 300 na kidogo. Ukikomea kabla ya ya 33 umebaki na kijipande cha asidi amino 32 kisichoweza lolote.

Kisha shuka kwenye DNA. Rudi UCSC, nenda kwenye eneo hilo, bonyeza kitufe cha "base" hadi herufi zionekane. Angalia mishale ndani ya jeni inaelekea wapi; ikielekea kushoto, bonyeza "reverse" usome upande sahihi, la sivyo utasoma kinyume na utajikuta unaikana nyota uliyoiona dakika tano zilizopita. Washa pia safu ya ulinganisho wa wanyama 100 wenye uti wa mgongo. Kodoni ya 33 ilikuwa CGA. Kwetu ni TGA. Kodoni ya 187 ilikuwa CGA. Kwetu ni TGA.

Herufi moja ile ile, mara mbili. Hii si bahati, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. C ikifuatwa na G, chembe hai zetu hupenda kuibandika kikundi cha methili. C iliyobandikwa hivyo, ikipoteza kikundi chake cha amino, hugeuka T moja kwa moja, na mitambo ya kukarabati DNA mara nyingi haitambui kosa kwa sababu T ni herufi halali. Kwa hiyo kila CGA ni mahali dhaifu: hatua moja ndogo na arginini imekuwa "koma". Ukizoea kazi hii, jambo la kwanza utakaloangalia katika jeni yoyote unayoishuku ni CGA zake. Nitakuonyesha nyingine mbele.

Hatua ya 5: Uliza nani mwingine ana jeraha lile lile

Herufi iliyovunjika peke yake haikuambii ilivunjika lini. Tarehe unaipata kwa kuangalia ndugu.

Kwenye safu ile ile ya ulinganisho soma mistari ya sokwe mtu, gorila, orangutani na giboni. TGA ya kodoni ya 33 wanayo sokwe mtu, gorila na orangutani pia. TGA ya 187 wanayo sokwe mtu na gorila, orangutani hana. Kwa hiyo pigo la 33 lilitangulia, likampata babu wa wote wanne, na la 187 likaja baadaye juu ya jeni iliyokuwa tayari maiti.

Giboni ni funzo la peke yake. Naye hana urikasi, lakini jeni yake ilivunjwa kwa namna nyingine, kwa kufutika herufi 13. Kazi ile ile ilipotea mara mbili kwa njia mbili. Simbilisi vivyo hivyo: hatengenezi vitamini C, ila GULO yake ilikufa kivyake, si pamoja na yetu. Ndiyo maana nasisitiza kulinganisha jeraha, si kulinganisha tu kwamba jeni imekufa. Viumbe viwili vyenye jeni mfu si lazima viwe vimeirithi kwa babu mmoja. Viumbe viwili vyenye jeraha moja mahali pamoja, hapo una ushahidi wa ukoo.

Sasa chukua mfano wa jeraha ambalo ni letu peke yetu: CMAH, kwenye kromosomu ya 6. Jeni hii huongeza atomu moja ya oksijeni kwenye sukari iliyo juu ya seli, ikiigeuza kutoka Neu5Ac kuwa Neu5Gc. Sokwe mtu anazo zote mbili. Sisi tuna Neu5Ac tu. Mwaka 1998 timu ya Ajit Varki, Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilionyesha sababu: eksoni moja yenye herufi 92 imefutika.

Gawanya 92 kwa 3. Unapata 30, zinabaki 2. Ingekuwa 93, tungepoteza asidi amino 31 na huenda protini ingeponapona. Zile mbili zinazobaki zinasukuma fremu yote ya mbele, na punde inatokea kodoni ya kukomesha. Kila ukikuta pengo, gawanya kwa 3 kabla ya kusema lolote.

Kuiona kwa macho, fungua CMAH kwenye jenomu ya sokwe mtu (UCSC ina panTro6), washa ulinganisho na binadamu, na uangalie eksoni ambayo upande wetu ni pengo tupu. Mifupa ya Neanderthal (jamaa zetu wa karibu waliokwisha toweka) iliyopimwa ilikutwa na Neu5Ac bila Neu5Gc, kwa hiyo tukio liko baada ya sisi na sokwe kuachana na kabla ya sisi na Neanderthal kuachana. Makadirio ya kawaida ni miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita.

Kwa sisi wa ukanda wa malaria kuna nyongeza. Kimelea cha malaria cha sokwe, Plasmodium reichenowi, hushika seli nyekundu kwa kupendelea Neu5Gc; P. falciparum, anayetuua sisi, hupendelea Neu5Ac. Yapo mawazo kwamba kupoteza CMAH kulitupa nafuu dhidi ya vimelea vya zamani hadi alipotokea aliyejifunza sukari yetu mpya. Wazo zuri, lina ushahidi wa maabara, lakini liandike kama wazo.

Mitego

Jeni kutoonekana si jeni kufa. Jenomu za wanyama wengi zina mapengo yaliyojazwa herufi N, na jeni hai inaweza kuwa imeangukia humo. Angalia N kabla ya kutangaza msiba.

Nyota moja katika mnyama mmoja inaweza kuwa kosa la mashine ya kusoma DNA. Tafuta mfuatano wa pili wa spishi hiyo hiyo.

Andika toleo la jenomu kila unapoandika namba ya mahali. Namba za hg19 na hg38 hazilingani. Ukimtumia mwenzako namba bila toleo utampeleka kwenye jeni nyingine kabisa.

Na mtego mkubwa: hadithi. MYH16, kwenye kromosomu ya 7, ni jeni ya msuli wa taya, na kwetu imepoteza herufi 2. Mwaka 2004 watafiti walikadiria kwamba ilikufa kama miaka milioni 2.4 iliyopita, karibu na wakati taya za jamaa zetu zilipopungua na ubongo kuanza kukua. Magazeti yaliipokea kwa vigelegele: msuli wa taya ulilegea, fuvu likapata nafasi! Mwaka uliofuata watafiti wengine walisoma sehemu ndefu zaidi ya jeni hiyo hiyo wakapata kama miaka milioni 5.3, mapema mno kwa hadithi hiyo. Herufi 2 zilizofutika hakuna anayezibishia. Kinachobishaniwa ni tarehe, na hadithi yote ilisimama juu ya tarehe.

Hatua ya 6: Je, imekufa kwa watu wote?

Hadi hapa tumesema "binadamu" kana kwamba wote tuna jenomu moja. Kwa GULO, UOX na CMAH ni sawa. Kwa CASP12 si sawa, na hatua hii ndiyo mafunzo mengi ya mtandaoni huisahau, labda kwa sababu wanaoyaandika hawatoki kwetu.

CASP12 iko kwenye kromosomu ya 11. Protini yake nzima hupunguza makali ya kinga ya mwili inapokutana na bakteria. Kwa watu wengi duniani imekatwa na kodoni ya kukomesha. Ni ipi? CGA iliyogeuka TGA, kama nilivyokuahidi. Lakini mwaka 2004 ilionekana kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano wenye asili ya Afrika ana nakala isiyokatika, na kwamba walio nayo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya sepsisi, maambukizi yanaposambaa kwenye damu. Mwaka 2006 uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba nakala iliyokatika haikuenea kwa bahati tu. Uteuzi wa asili uliisukuma. Kwa maneno mengine, hapa jeni kufa ilikuwa faida.

Fungua Ensembl, tafuta rs497116. Hilo ndilo jina la badiliko lenyewe. Ingia sehemu ya Population genetics. Utaona duara za mradi wa 1000 Genomes, uliosoma DNA za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, kundi kwa kundi. Jeni hii husomwa kwenye uzi wa pili, kwa hiyo usishtuke ukikuta A na G badala ya T na C: A ndiyo nakala iliyokatika, G ndiyo nzima. Makundi ya Ulaya na Asia ya Mashariki yatakuwa karibu rangi moja tupu. Sasa shuka hadi LWK. Hao ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Hapo duara lina kipande cha rangi ya pili, na ukilinganisha na YRI (Wayoruba wa Ibadan) na GWD (Gambia) utaona kipande hicho kipo kwao pia.

Andika kwenye faili lako asilimia za makundi hayo matatu na za kundi moja la Ulaya, pamoja na idadi ya sampuli, maana asilimia ya watu 100 haina uzito sawa na ya watu 1,000. Kisha angalia jina rasmi la jeni hii: kwenye mabano limewekwa neno la jeni na neno la jeni mfu, yote mawili, yakitenganishwa na mkwaju. Hata watoaji majina walikubali kwamba jibu linategemea umemuuliza nani.

Zoezi

Tafuta GGTA1. Jeni hii huweka juu ya seli sukari ya alfa-gal, ambayo kinga yetu huishambulia vikali. Ndiyo sababu nguruwe aliyetoa moyo uliopandikizwa kwa mgonjwa huko Maryland, Marekani, Januari 2022, alizimwa kwanza GGTA1 na CMAH, ili afanane nasi. Pitia hatua zote: majirani, tblastn kwa protini ya nguruwe, nyota na fremu, kisha ndugu. Ukifika kwa ndugu, usiishie kwa sokwe na tumbili wa Afrika, ambao nao wameipoteza. Fungua tumbili wa Amerika Kusini, kama Callithrix jacchus. Kwake utaikuta bado hai, na kutokana na hapo unaweza kupanga mwenyewe kifo chake kilitokea kwenye tawi gani la ukoo.